Neno la Siri kwa Sauti ya Juu

"Neno la siri?" aliuliza dada wa steshenari moja hapa Kitete, kama anayeuliza chai ya rangi au ya maziwa.

Mteja aliyekuwa akimfungulia barua pepe, mzee mrina asali kutoka Sikonge, akalitaja kwa sauti. Foleni nzima tukalisikia.

"Shikamoo mzee," nikamnong'oneza. "Hilo ungelisema chinichini."

"Marahaba, mwanangu. Mizinga yangu iko porini, haina kufuli, ina alama yangu tu. Hakuna anayeigusa. Kwani hapa kuna nani?"

Akasoma barua pepe ya binti yake aliyeko chuoni, akashukuru, akaondoka.

Zamu yangu ikafika, nikakaa kwenye kompyuta ileile. Nafungua kivinjari, barua za mzee hizi hapa, ziko wazi, na kompyuta imelihifadhi neno lake la siri!

"Dada, mbona hukumfungia akaunti yake?"

"We endelea tu, si kashaondoka?"

Nikaifunga mwenyewe, nikalifuta na lile neno, hasira zimenijaa. Nilipogeuka, dada alikuwa anaingiza namba ya siri kwenye simu yake, kaifunika kwa kiganja tusiione.

Kumbe thamani ya siri anaijua, mradi iwe yake.