Ball joint ilivyonichelewesha kwa wakwe Boito

Wakuu, habari za jioni. Niko hapa Roret, mvua inanyesha, duka nimefunga mapema, kwa hivyo wacha niwaambie vile gari yangu ilinifanyia. Sitaongeza chumvi. Mum yuko kwa hii story na akisoma atanirekebisha.

Mimi nauza hardware. Wazazi wako Kipkelion, sisi ni Wakikuyu wa huko tangu enzi za babu.

Gari ni station wagon ya zamani. Engine iko sawa kabisa. Shida ilikuwa miguu ya mbele.

Ilianza na kelele. Ukipanda bump polepole unasikia "ko, ko" upande wa kushoto. Fundi akasema ni stabilizer links, vile vyuma vya kuzuia gari kuyumba, tukabadilisha. Kelele ikanyamaza kidogo, halafu ikarudi na marafiki.

Wenye magari ya zamani mnajua vile mtu huongeza volume ya redio na maisha inaendelea.

Sasa ikafika siku ya koito. Kwa wasiojua, hiyo ndio siku familia ya kijana inaenda kwa kina msichana kuongea mambo ya ndoa. Msichana ni Chebet, kwao ni Boito, katikati ya majani chai.

Wajomba walitangulia na gari ingine. Mimi nikabeba Mum.

Baba yake Chebet nilikuwa nimekutana naye mara moja tu, na siku hiyo hakucheka hata kidogo.

Tukapita Litein vizuri. Tulipoacha lami tukaingia murram, steering ikaanza kuvuta kushoto. Nikishika breki, gari inataka kuingia kwa chai ya watu.

Mum akazima redio.

"Hiyo inagonga ni nini?"

"Ni kawaida yake, Mum."

"Simamisha gari."

"Wazee wanangoja, na tumebakisha kidogo tu."

"Watangoja. Simamisha."

Nikasimama kwa buying center, pale wakulima hupimia majani. Nikapiga jack, nikashika tairi juu na chini, nikatingisha.

Wakuu, tairi ilicheza kama jino la mtoto wa nursery. Ball joint ya chini, ile kifundo inashikilia tairi isitoke kwa gari, ilikuwa imebaki kuchomoka tu. Na mbele yetu kulikuwa na mteremko mkali unaenda mpaka mtoni.

Nikampigia Chebet. Akasema, "Ngojeni hapo," akakata simu.

Nilidhani atatuma ndugu yake. Kumbe pickup iliyokuja, baba yake mwenyewe ndio alikuwa anaendesha. Suti, tai, kila kitu.

Akamsalimia Mum kwa heshima, "Chamgei, mama." Mimi akanipita tu. Akavua koti, akampa Mum amshikie, akapiga magoti kwa vumbi na kutingisha ile tairi.

"Ulijuaje?" akaniuliza.

"Mum ndio alisikia, Baba. Mimi nilitaka kuendelea."

Sijui kwa nini sikujisifu. Ilinitoka tu.

Mzee akaniangalia, halafu akacheka mpaka wakulima wakaacha mizani wakageuka. "Hata kwangu ni mama Chebet husikia," akasema. "Mimi husikia redio."

Gari tukaiacha hapo, tukafika Boito na pickup: Mum mbele na mzee, mimi nyuma na mitungi ya maziwa, suti yangu imejaa vumbi. Chebet aliponiona alifunika mdomo akaingia jikoni haraka.

Wazee walikuwa wamenuna kwa kungoja. Msemaji wao akauliza kama mwenye boma ana neno kabla tuanze.

Mzee akasimama, mikono ya shati ikiwa na grisi.

"Gari yao ni mbaya," akasema. "Mama yao ni mzuri. Tuendelee."

Nyumba yote ikacheka, hata wajomba wangu. Kutoka hapo mambo ilienda laini, na mursik, yale maziwa ya kibuyu, tukanywa.

Baadaye fundi wa Litein aliweka ball joints mpya pande zote mbili na bushes, zile raba zake, nikafanya alignment tairi zikae sawa. Sasa inateleza tu.

Nilichojifunza: kelele ikirudi baada ya kubadilisha kitu, hukubadilisha kitu chenyewe. Inua gari, tingisha tairi. Na ukiwa umebeba mtu akikwambia simama, simama kwanza, bishana baadaye.

Haya, nani mwingine gari ilimwaibisha akienda kwa wakwe? Teremka hapo chini utuambie, nisiwe peke yangu.