Sare Iliyorudi kutoka Muze

Saa moja asubuhi, baridi ya Juni bado imeukalia mtaa wa Kizwite, Sumbawanga, na wengi wanatamani kubaki blanketini. Klementina Leonsi hana nafasi hiyo. Amemfunga Lwitiko mgongoni kwa kitenge, mkono mmoja unakoroga uji, mwingine unasaka soksi iliyopotea. Mtoto anadeka kidogo, kisha anaomba maji kwa Kifipa, lugha ya Klementina.

"Wazazi wake ni wa Mbeya," anasema Klementina huku akicheka. "Mama yake huwa ananiuliza, eti huyu anataka nini?"

Klementina, mwenye miaka 28, amemlea Lwitiko tangu akiwa na miezi mitatu. Sasa anakaribia miaka mitatu. Mama wa mtoto, Sekela, ni muuguzi mjini Sumbawanga. Klementina naye ana binti, Justa, wa miaka saba, aliyemwacha kwa bibi yake kijijini Muze, kule bondeni Rukwa. Dada wa kazi wa kulala haji kazini na mtoto wake.

Alianza kwa shilingi 50,000 kwa mwezi, ikapanda hadi 70,000, chakula na malazi juu ya mwajiri. Nusu aliituma Muze. Sekela hakuwa mkorofi: walikula meza moja, na Krismasi haikupita bila kitenge kipya. Wema huo ndio uliomfunga mdomo.

"Mtu anakuita mdogo wangu," anasema. "Utaanzia wapi kumdai?"

Kilichomfungua mdomo ni sare ya shule. Januari mwaka huu Justa aliandikishwa darasa la kwanza, na Klementina akaenda kwa fundi mmoja mtaa wa Majengo. Fundi alipouliza vipimo, alinyoosha kiganja usawa wa kiuno chake: kafika hapa. Sketi na shati vikashonwa, vikapelekwa na gari la Muze. Siku chache baadaye vikarudi na gari lilelile. Bibi alimtuma kondakta aseme kwamba mabega hayapiti, mtoto amekua.

"Nililia jikoni," anasema, na hata sasa machozi yanamlengalenga. "Lwitiko namjua mpaka namba ya kiatu. Wangu wa kumzaa namkisia."

Sekela alimkuta hapo na shati mkononi. Klementina akaona bora lawama, akasema yote kwa mkupuo: anataka kupanga chumba amlete Justa, awe anakuja asubuhi na kuondoka jioni, na alipwe 130,000.

"Niliona kama ananitania," anakiri Sekela. "Nikamwambia, kama hulali kwangu wala huli chakula changu cha usiku, mshahara si ungeshuka? Na wenzangu kazini walishanionya nisiwaharibie soko."

Klementina hakupandisha sauti. "Mama Lwitiko," alimjibu, "kile kitanda nalala na mwanao. Akikohoa ni mimi, akikojoa ni mimi. Pale nimepewa malazi au nimepangiwa zamu?"

Muuguzi anaijua zamu ya usiku, na anajua inavyomwacha mtu asubuhi.

Haikwisha siku hiyo. Kwa wiki mbili walisalimiana kwa adabu ya wageni. Nyumba moja Majengo ikamtaka Klementina kwa 100,000, kulala hukohuko, bila mtoto. Akakataa.

Waajiri wengi humpigia dada hesabu ya kila tonge analokula, lakini usiku anaoukesha hauingii kwenye hesabu hiyo. Sekela, tumpe haki yake, aliuingiza. Walikubaliana 120,000. Jumapili ni ya Klementina. Sekela akiwa na zamu ya usiku, Klementina analala pale kwa malipo ya pembeni, na Justa atalala naye.

Si utajiri. Chumba ni 25,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Ndiyo maana safari ya Muze imesubiri hadi likizo hii. Akishatoa chakula, mkaa na vya shule, kinachobaki ni kidogo, na Klementina halifichi hilo.

"Lakini jioni nitafunga mlango wangu," anasema, "na mtoto wangu akiwa ndani."

Uhamisho wa Justa umekubaliwa. Shule zikifunguliwa Julai, ataanza hapahapa Kizwite. Jumamosi mama yake anashuka bondeni kumchukua. Chumbani kuna kitanda kimoja, jiko la mkaa na sweta la mtumba, kubwa makusudi.

Kitambaa cha sare kipya tayari kiko kwa fundi yuleyule wa Majengo. Juzi fundi alipiga simu kuulizia vipimo aanze kushona.

"Nimemwambia asiguse mkasi," anasema Klementina, akimshusha Lwitiko mgongoni. "Jumatatu naenda na Justa. Ampime amesimama mbele yake."