Chumba Alicholala Clifford

Doreen Hebden alikuwa jirani yangu wa ukuta kwa ukuta katika nyumba za kupanga za halmashauri, na kicheko chake ulikisikia kabla hujafungua geti. Maradhi ya neva yalimpora miguu akiwa na miaka arobaini na tatu, ulimi yalimwachia. Alilala kwenye kitanda cha hospitali, juu ya godoro la hewa linalojijaza na kupungua lenyewe ili asipate vidonda. Mumewe Clifford, aliyeacha udereva wa lori ili amhudumie, alilala chumba cha pili.

Mwaka 2013 ikaja barua. Mtu na mkewe chumba kimoja kinawatosha, ilisema. Cha pili ni cha ziada, hivyo ruzuku yao ya kodi ingekatwa.

“Cliff, njoo usikie! Serikali inataka turudi kitanda kimoja!”

“Waambie wamechelewa miaka kumi na tano,” Clifford akajibu kutoka jikoni.

Walicheka, lakini majira ya baridi hayakuwa na utani. Ili kufidia kodi walizima kipasha joto, Doreen akashinda ndani na koti, na mlo wa jioni ukawa mkate wa kuchoma na maharage ya kopo. Siku moja nilimkuta analia.

“Kuwa mzigo kwa Cliff nimeshazoea, shoga yangu,” akaniambia. “Sasa hata kitanda changu ni kosa?”

Kesho yake akaandika malalamiko. Halmashauri ikamtuma Bi Ogden, mama mnyoofu mwenye futi mkononi. Akapima, akaonyesha pembeni.

“Kitanda cha mume kingekaa hapa.”

“Hapo ndipo inapopita winchi ya kuninyanyua, mama. Nikishaning’inia, yeye alale dirishani?”

“Basi hamwezi kulala hichohicho kimoja?”

“Cliff, panda.”

Clifford akavua ndara, akajilaza ukingoni. Godoro likatulia, kisha likavuta pumzi. Katikati kukapanda, ukingo ukashuka, naye akabingirika polepole kama gunia la viazi hadi miguuni pa Bi Ogden.

“Na hiyo ni kila baada ya dakika kumi,” Doreen akasema, machozi ya kicheko yakimtoka.

Bi Ogden alijikaza, akashindwa, akacheka mpaka akakalia kiti cha magurudumu cha Doreen. Aliandika yote aliyoyaona. Hata hivyo wakubwa zake wakakataa, ndipo Doreen akakata rufaa kwenye baraza la kusikiliza kesi za ruzuku.

Hakimu aliisoma ripoti ile kwa sauti, akakatiza mara mbili ili asicheke. Kisha akauliza, “Bwana Hebden, uliumia?”

“Heshima tu, mheshimiwa.”

Walishinda. Chumba si cha ziada. Jioni hiyo tulikula pai kwao, nyumba ina joto hadi tukavua sweta.

Mtaani kwetu walemavu wengine wawili walikuwa wamekatwa ruzuku hivyohivyo. Doreen akawaandikia rufaa. Mmoja ameshashinda. Wa pili bado, na Doreen hajaiacha halmashauri ipumue.