Niliingiza mikono ya kungfu kwenye ulingo wa ngumi Mbeya, sweta likaniumbua

Wakuu kamwene. Na nyie wa Mbeya, ugonile.

Hiki ninachoandika kimenipata mwenyewe, mbavu za kushoto bado zinanikumbusha kila nikipiga chafya. Anayetaka chai akachemshe kwake.

Mimi ni mzaliwa wa Mbeya, ila kwa sasa napiga mzigo Mafinga. Napakia mbao kwenye malori.

Zamani nikiwa nyumbani nilisoma kungfu kwa mzee mmoja anaitwa Mwalimu Ambakisye. Mchana ni dalali wa viazi Uyole, jioni anafundisha Wing Chun uani kwake.

Kwa msioijua, hii ni kungfu ya karibu karibu. Hakuna kuruka mateke hewani kama panzi. Unagusa mkono wa mwenzako, unaunata, unausikia unataka kwenda wapi, halafu unaufunga na kumpiga hapo hapo.

Zoezi lenyewe tuliliita mikono ya kunata. Mnagusanisha mikono, mnafumba macho, mnasukumana polepole mpaka mkono uzoee kusikia.

Mwalimu alikuwa hachukui hela ya mtu. Mkimaliza zoezi mnaletewa sufuria la viazi vya kuchemsha na chumvi pembeni. Huyo mzee nampenda, nasema wazi.

Sasa nilipofika Mafinga sikukuta kungfu, nikakuta gym ya ngumi. Kocha anaitwa Kihwele, Mhehe mmoja hana mswalie Mtume.

Siku ya kwanza akaniona nagusa gusa mikono ya mwenzangu kwenye sparring. Akapiga kelele: "We Mnyakyusa, unapapasa nini? Huyo mchumba wako?"

Gym nzima ikacheka.

Lakini baada ya muda kicheko kikaisha, maana nilikuwa nawafunga wote. Mtu akirusha jab, ile ngumi ya mkono wa mbele, naikandamiza na mkono wa nyuma, inanasa, namgonga. Hata Kocha akaacha kunitania.

(Hapa niwape picha kidogo. Mazoezi yetu ni alfajiri. Mwezi wa saba Mafinga, mtu akivua sweta ujue kaichoka dunia. Tunafanya mazoezi na masweta ya mtumba, wengine wamevaa mawili.)

Basi nikampigia simu Mwalimu nimpe habari njema kwamba mikono yake inatesa watu huku. Sauti yake ilikuwa chini sana.

Nikamuuliza, "Mwalimu, darasani mmebaki na nani?"

"Nimebaki mimi na jogoo."

Vijana wote walikuwa wamehamia kwenye ngumi. Kuna mmoja anaitwa Gwamaka, alikaa kwake wiki chache tu akaondoka, akawaambia wenzake kwamba pale panafundishwa kungfu ya video. Neno likasambaa mtaani.

Halafu Mwalimu akaniuliza swali ambalo sikulitegemea. "Mwanangu, nijibu kweli. Hii mikono inafanya kazi kwa mtu anayepiga kwelikweli? Au nimewadanganya watoto wa watu muda wote huu?"

Niliumia wakuu. Mzee wa kujiamini vile, leo anaomba kuhakikishiwa na mimi.

Bahati ikawa hivi, gym yetu ilikuwa imepanga mapambano ya kirafiki na vijana wa Mbeya, huko huko Mbeya. Nikamwambia aje akae mbele aone kwa macho yake.

Akasema, "Nitakuja. Ila nikiona haifanyi kazi, darasa nafunga. Sitaki kufa mwongo."

Nikamjibu kwa jeuri kabisa, "Mwalimu, wewe njoo." Na mpinzani niliyepangiwa unadhani nani? Gwamaka mwenyewe. Nikasema leo ni leo, asemaye kesho mwongo.

Siku ikafika. Ukumbi umejaa, bati juu, jua la saa nane, joto ambalo Mbeya hulioni kila siku. Mwalimu alikaa mstari wa mbele na sweta lake la kahawia na tai juu, kama mtu aliyekuja kwenye kipaimara.

Kengele ikalia. Gwamaka akatupa jab. Nikaikandamiza kama ninavyofanya siku zote.

Ikateleza.

Aisee, mkono wake ulikuwa na jasho na mafuta ya mgando, mkono wangu ukapita kama wa mtu anayeshika sabuni bafuni. Nikamwangukia begani. Akanipiga za mbavu mbili ambazo niliziskia mpaka kisogoni.

Nikajaribu tena, ikateleza tena. Nikapaniki. Nikaanza kumkumbatia mkono kwa nguvu, nimeubana kwapani. Refa akanionya, "Usishike!" Nikashika tena, akanikata pointi.

Kuna mama mmoja nyuma akapaza sauti, "Peleka posa basi baba!" Ukumbi ukaanguka kwa kicheko.

Nikamtafuta Mwalimu kwa macho. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

Nilirudi kona nataka kulia, sifichi. Kocha Kihwele akawa ananifuta jasho na taulo, anafoka, "Una nini wewe? Gym si unawafunga wote?" Ghafla akaacha taulo. Akaushika mkono wangu, akapitisha kidole juu yake, kikateleza, akaniangalia.

"Gym tunavaa masweta," akasema.

Wakuu, hapo ndipo nilipoelewa.

Sweta kwa sweta linanasa! Ule mnato wote nilioita ufundi, nusu yake ilikuwa sufu. Na kwa Mwalimu ni hivyo hivyo, pale uani na baridi la Mbeya, tangu nimeanza sijawahi kugusa mkono mtupu wa mtu kwenye zoezi. Mwalimu mwenyewe hakuwahi. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufikiria jambo hilo, sisi watu wa baridi sweta ni ngozi ya pili.

Nikamuuliza Kocha, "Kwa hiyo sina kitu?"

Akasema, "Sijui. Kengele hiyo inalia, nenda kaangalie umebakiwa na nini."

Raundi ya pili nilicheza ngumi za kawaida, nikawa najitafakari huku napigwa.

Kilichonifungua ni kazi yangu. Mkibeba ubao mrefu wawili, wewe mbele mwenzako nyuma, humuoni. Lakini akitaka kusimama unajua kabla hajasimama, ubao unakuambia. Na ubao huushiki kwa kuunata, unaukalisha tu begani.

Raundi ya tatu nikaacha kushika. Nikaweka glovu langu la mbele juu ya mkono wake wa jab, nyepesi tu, kama unapima joto la mtoto. Akitaka kurusha, mkono unakaza kwanza. Nikiskia umekaza nahama, nampa moja. Akirudi nyuma namfuata nagusa tena. Umekaza, nahama, nampa.

Refa hana cha kusema, sijashika kitu.

Gwamaka akaanza kuuangalia mkono wake mwenyewe kama umemsaliti. Yule mama wa posa akauliza kwa sauti, "Kha! Kamfanyaje?"

Nilishindwa kwa pointi, wakuu. Raundi mbili za mwanzo na ile pointi niliyokatwa zilishanimaliza. Mcheza kwao hutunzwa, mimi kwetu nilitunzwa makonde.

Nikamfuata Mwalimu kichwa chini. "Shikamoo Mwalimu. Nimeshindwa."

Alikuwa amesimama, anapapasa mkono wa sweta lake, anausugua kwa vidole. Nikamweleza habari ya masweta. Akaliangalia tena sweta lake.

Akasema, "Kwa hiyo nusu nimewadanganya."

"Hukujua, Mwalimu."

"Na ile raundi ya mwisho?"

"Ile ni yako."

Macho yake yakajaa machozi. Akasema "ndaga" mara moja, asante ya kwetu, akageuka kujifuta.

Hapo Gwamaka akatokea, nyusi imevimba. Akanishika bega, "Kaka, ulikuwa unajuaje kabla sijarusha?" Mimi nikanyoosha kidole kwa Mwalimu, basi. Jamaa akainama, "Shikamoo Mwalimu." Mzee akaitika marahaba.

Nilibaki Mbeya mpaka kesho yake jioni, nikaenda uani kwa Mwalimu. Ukungu umeshuka, baridi inauma masikio. Nikamkuta Gwamaka na vijana wengine watatu wamejikunyata ukutani, jogoo anawashangaa.

Mwalimu akatoka ndani. Habari ya kungfu ya video hakuigusa kabisa. Akavua sweta lake la kahawia, akalitundika kwenye kamba ya nguo, akasimama mbele yetu na singlendi, anatetemeka waziwazi.

"Haya," akasema, "vueni masweta."

Funzo langu mimi ni hilo hilo la mzee. Kitu chako kikiumbuka hadharani usikimbilie kukitupa, kivue uangalie ndani kimebaki nini.

Sasa nyie mliosoma kungfu na karate huku kwenye baridi, Makete, Njombe, Mufindi, msinicheke peke yangu. Semeni kweli: nyie mliwahi kuvua?