Taa ya Stoo ya Masanduku

Marieta Qamara ni matroni wa shule yetu ya bweni ya wasichana, huku juu Tumati, na mimi nafundisha historia hapo hapo. Ni mwanamke wa sauti kubwa na moyo laini. Ukimsikia anavyowafokea watoto kwa soksi chafu, hutaamini kwamba ndiye huyo huyo anayewapelekea chai ya tangawizi wakikohoa. Nampenda, ingawa kuna siku aliwahi kunitia hofu ambayo mpaka leo haijanitoka.

Tulipojengewa mabweni mapya, tulifungiwa pia paneli ya kengele ya moto ofisini kwake: sanduku la bati ukutani, lenye taa ndogo ndogo. Kijani maana yake umeme upo, njano ni hitilafu, nyekundu ni moto. Kila chumba kina taa yake nyekundu, na jina limeandikwa pembeni. Darini kuna vifaa vya kunusa moshi. Kimoja kikinusa, taa ya chumba hicho inawaka na kengele inalia shule nzima. Ukibonyeza kitufe cha kunyamazisha, kengele inakoma, lakini taa haizimiki mpaka moshi uishe na mtu aianzishe paneli upya.

Sijui fundi aliyetufungia alitoka wapi, ila ukungu wetu hakuujua. Mwezi wa saba ukungu wa huku hauombi ruhusa. Unaingia madirishani, unapanda darini, na vile vifaa vinaudhania kuwa moshi. Basi kila asubuhi kengele ililia, na Marieta aliinyamazisha bila hata kuinua macho, kama anafukuza nzi. Walimu tulicheka tu, na wanafunzi waliendelea kunywa uji.

Asubuhi moja ya mwezi huo Perpetua, mtoto wa kidato cha kwanza kutoka Masieda, aliamka na homa, meno yanagongana. Kwetu mgonjwa haachwi kwenye baridi bila moto. Marieta akafanya kama ambavyo mama wa mtoto huyo angefanya: alichota makaa jikoni, akayatia kwenye chungu, akakiweka karibu na kitanda na kumfunika mtoto blanketi zito. Halafu akafunga mlango kwa kufuli, kwa sababu mabweni yetu hufungwa saa za masomo, kuogopa wezi. Funguo akazitia mfukoni mwa aproni.

Mimi nilikuwa nimekwenda ofisini kwake kuomba dawa ya kichwa. Kengele ikalia. Taa iliyowaka ilikuwa ya Bweni la Mashariki, alikolala Perpetua.

"Ukungu," akasema Marieta, akabonyeza.

Nje kweli hata mti haukuonekana. Akanipa vidonge, tukaanza kuzungumza habari za mahindi yake. Taa iliendelea kuwaka juu ya vichwa vyetu na hatukuitazama.

Mara kengele ikalia tena, yenyewe.

"Hii nayo leo ina wazimu," akasema, kidole tayari kwenye kitufe.

"Si hulia tena chumba kingine kikinusa?" nikamwambia.

Hapo ndipo alipoinua macho. Taa ya pili ilikuwa ya stoo ya masanduku, inayopakana na bweni lile. Kidole chake kikabaki hewani.

"Mwalimu," akasema polepole, "ile stoo haina dirisha."

Sikuelewa.

"Ukungu umeingilia wapi?" akauliza, na kabla sijajibu akapiga kelele, "Perpetua! Mungu wangu, yale makaa!"

Tulikimbia. Nilibeba mtungi wa kuzimia moto, unanigonga magotini, na njiani tukawapita wasichana wanatembea taratibu kwenda madarasani huku kengele inawalilia masikioni. Nilitamani kuwapiga makofi, ingawa kosa halikuwa lao. Mlangoni Marieta aliziangusha funguo kwenye majani. Aliziokota, akakosea ufunguo, akajaribu mwingine. Kufuli likafunguka.

Moshi mweusi ulitupiga usoni. Blanketi lilikuwa limeangukia chunguni, na godoro lilikuwa linaungua upande wa miguuni. Marieta aliingia akitambaa. Nilimwaga dawa yote ya mtungi bila kuona ninapomwaga, nasikia tu akikohoa na kuvuta kitu sakafuni.

Tulimlaza mtoto kwenye nyasi. Alikuwa amelegea. Marieta alimpigapiga mashavu, akimwita kwa Kiiraqw, akimsihi. Niliogopa kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Niliamini amekufa.

Kisha Perpetua akakohoa, akatapika, akafumbua macho. Alipomwona matroni alijaribu kuinuka, kama alivyofundishwa nyumbani.

"Shikamoo, mama," akasema kwa sauti iliyokwaruza. "Asante kwa moto. Nilipata joto, nikalala kabisa."

Marieta aliinuka, akaenda kuchomoa funguo kwenye kufuli. Akarudi, akanikabidhi.

"Zishike wewe, mwalimu," akasema.

Kengele ilikuwa bado inalia, na hakuna aliyekwenda kuinyamazisha.