Sentimita Sitini na Tatu

Simu ilipolia, fundi cherehani alikuwa na pini tatu mdomoni na sare ya shule mapajani. Aliyepiga ni mdogo wake wa kiume.

"Dada, Baba ametutoka."

Alizitema pini kiganjani. "Amegongwa na nini?"

"Hajagongwa. Amekutwa kitini, pale kibandani kwake. Wanasema ni moyo."

Dada mtu akaiweka sare kando. Kwa karibu mwaka mzima alikuwa akiiogopa simu hiyo, ila alidhani itatoka barabarani.

Baba yao, Mungu amrehemu, alikuwa fundi saa. Mtaa mzima ulimwita Mzee Dakika, maana hakuchelewa wala hakumvumilia aliyechelewa. Kwa miaka thelathini alisoma Maandiko kanisani kila Jumapili, kwa sauti isiyo na haraka, mpaka mtoto wa jicho alipomziba macho yote mawili. Mwanzoni alificha. Bintiye alimsomea somo nyumbani, akalikariri, kisha akasimama mbele na kufungua kitabu kama kawaida. Jumapili moja alikishika juu chini, na watoto wa benchi la mbele wakacheka. Tangu hapo akahamia nyuma, akakaa miaka sita akiwasikiliza wengine wakiyapasua Maandiko kama kuni.

Hatimaye bintiye akampeleka hospitali. Daktari wa macho, mama mmoja mwenye subira, akawaeleza kwamba lenzi iliyochakaa itatolewa na kuwekwa mpya, lakini mpya haijui kujirekebisha kama jicho la ujana.

"Lazima tuchague umbali. Ya mbali, utaona barabara na nyuso za watu, ila kusoma utavaa miwani. Ya karibu, utasoma bila miwani, ila mbali patakuwa na ukungu."

"Ya mbali," binti akajibu.

"Kumbe macho ni yako?" mzee akamuuliza.

Nyumbani mabishano yakaendelea. "Baba, pikipiki za mtaa huu hazina breki."

"Zina honi. Masikio yangu mazima."

"Si uvae tu miwani?"

"Miaka hamsini nimefanya kazi na kioo jichoni. Mbele za Mungu nataka kusimama na macho matupu."

Hapo binti akapandwa na hasira. "Basi utakufa barabarani kwa ajili ya mistari kumi."

Mzee akainuka. Alipapasa meza ya cherehani, akachukua futi ya kupimia nguo, akatoka akiushika ukuta.

Binti akamfuata kwa mbali hadi kanisani. Akamkuta amesimama wima penye meza ya kusomea Neno, kitabu kimefunguliwa, mlinzi wa kanisa akibana ncha moja ya futi kwenye ukurasa, naye mzee ameibana nyingine kando ya jicho.

"Soma."

"Sitini na tatu, Mzee. Kwani unampimia suti malaika?"

"Shika sawasawa. Tunarudia."

Walipima mara tatu. Daktari alipoletewa ile namba, akacheka kidogo. "Wenzako huniambia karibu au mbali. Wewe umeniletea sentimita." Kisha akasema kwa upole kwamba atalenga hapo, lakini hawezi kuahidi.

"Hata saa nzuri hupoteza dakika moja moja," mzee akasema. "Lenga tu."

Jicho la pili lilipopona, alirudi mbele. Alisoma somo zima bila miwani, bila kukwama. Nyuso za nyuma zilikuwa ukungu mtupu. "Afadhali," alimwambia mchungaji, "wanaosinzia siwaoni." Magazeti bado aliyasoma kwa kioo chake cha kazi. Jumapili bintiye alimshika mkono kuvuka barabara. Siku nyingine alivuka peke yake, na binti hakupata amani.

Alisoma miezi kumi na mmoja. Lile neno la hasira hakuna aliyeligusa tena. Binti alitaka kuomba radhi. Akasema leo, akasema kesho.

Mazishi yalikuwa Jumatano. Jeneza liliwekwa wazi kanisani, watu wakapita kuaga. Binti alisubiri wote wapite, kisha akainama.

"Baba, lile neno la kufa barabarani. Nisamehe. Nilikuwa na hofu."

Mchungaji hakumharakisha. Mdogo wake alipomshika kiwiko, alisogea, na jeneza likafunikwa. Somo lilisomwa na mzee mmoja wa kanisa, akakosea mahali pawili. Wanaume sita walilibeba jeneza hadi makaburini, wakipokezana na wengine sita. Lilishushwa kaburini saa tisa alasiri. Mchungaji aliomba, kila mmoja akatupa udongo, binti akiwa wa mwisho. Wakafukia, wakasimika msalaba, wakaimba ubeti mmoja. Kisha watu wakaondoka wawili wawili.