Siku Niliyomruka Mjomba Tluway

Nilipokuwa mtoto kule Tlawi, kumruka mtu aliyelala kulikuwa mwiko. Ukimruka mtoto, hakui tena, labda umruke upya kurudi ulikotoka. Bibi alikuwa mkali kwa jambo hilo kuliko kwa maziwa yaliyomwagika.

Nyumbani kwetu shida ilikuwa kinyume. Mjomba Tluway, mdogo wake mama, alikuwa haachi kukua. Wenzake walishaoa, yeye bado anarefuka, na kichwa kinamuuma kila siku. Wakati huohuo mtoto wa jirani yetu, Mama Paskalina, alidumaa. Watu wakaunganisha mambo: mjomba anavuta urefu wa watoto! Wakatoa ng'ombe wao kwenye kundi tulilochunga kwa zamu. Mjomba akabaki malishoni peke yake, hakuna hata wa kumsalimia.

Ndipo Mama Paskalina alipokuja uani.

"Shikamoo, mama," akamwambia bibi. "Huyu arukwe. Akiacha kukua, ng'ombe watarudi. Akikataa, tutajua kuna kitu."

Bibi alifura kwa hasira. Mjomba akasema tu, "Sawa," akajilaza mbele ya zizi.

Majirani walijaa, ila hakuna aliyekubali mwanawe aruke. Waliogopa urefu ule usije ukamhamia. Walisimama wanamtazama kama ng'ombe aliyevunjika mguu, nami nikapandwa na hasira hadi machozi yakanitoka.

"Ruka wewe basi, mwanangu," mjomba akaniambia. "Vumbi linaniingia masikioni."

Nikakusanya gauni langu, nikaruka.

Ng'ombe walirudi wiki ileile. Lakini mjomba aliendelea kurefuka. Sisi wa nyumbani tuliona, tukanyamaza, naye akaanza kutembea ameinama ili majirani wasione. Aliinama hivyo kwa miaka mingi, hadi macho yalipoanza kufifia akapelekwa hospitali ya mjini. Walimkuta na uvimbe mdogo chini ya ubongo, ndio uliokuwa unamkuza. Wakautoa, akaacha kukua.

Kijijini uvimbe hawautaki hata kuusikia. Kwao aliponywa na ule mruko wangu, na tangu siku ile macho yakahamia kwangu. Kila gauni langu lilipopanda juu ya magoti, Mama Paskalina aliliona kabla ya mama. Leo nina watoto, kimo changu ni cha kawaida kabisa, lakini nikienda likizo bado ananipima kutoka miguuni hadi utosini ndipo aitikie shikamoo yangu. Zamani niliudhika. Siku hizi namwonea huruma kidogo, maana yule mwanawe hakurefuka, na hakuna aliyewahi kumweleza kwa nini.

Mwaka huu nilimkuta mjomba zizini, mgongo umepinda vilevile.

"Mjomba, si ulishapona?" nikamwambia. "Nyooka basi."

Alicheka, akashika mti wa zizi, akaanza kujiinua taratibu. Katikati akasita. Akageuka kwanza kutazama kwa Mama Paskalina, kama kuna mtu uani.